Kioo Kisicho Kioo: Hesabu ya Simu za Kukunja za Mwanzo

Ukinunua simu mpya, jambo la kwanza ni kubandua ile nailoni ya kiwandani. Wapo wanaolifurahia hilo kuliko hata kuiwasha simu yenyewe: unainua kona kwa ukucha, unavuta taratibu, kioo kinabaki kinang'aa. Aprili 2019, waandishi wachache wa habari za teknolojia waliokabidhiwa Galaxy Fold ya Samsung kabla haijaingia sokoni walifanya hivyohivyo. Waliona ukingo wa utando, wakavuta, na skrini ikafa mikononi mwao. Walichobandua hakikuwa nailoni ya kiwandani. Kilikuwa ngozi ya juu ya skrini yenyewe.

Wapo waliowacheka. Mimi nilishindwa, kwa sababu ningevuta vilevile. Na kicheko hakikudumu, maana kulikuwa na wengine ambao hawakubandua chochote na simu zao zikaharibika. Ile ya mwandishi wa The Verge, tovuti ya habari za teknolojia, ilitokeza kinundu chini ya skrini, kwenye mstari wa mkunjo. Chembe ya uchafu ilikuwa imepenya ndani na sasa ilikuwa inaisukuma skrini kutokea chini.

Sisi skrini ya simu tunaiita kioo. Kioo kimepasuka, nibadilishie kioo, futa kioo. Neno hilo limetuzoesha kutarajia mambo fulani bila kuyafikiria: kwamba sehemu tunayoigusa ni ngumu, haikwaruzwi na ukucha, ikichakaa inafutika. Galaxy Fold, Mate X ya Huawei na Razr ya Motorola, zote za 2019, hazikuwa na kioo kwenye skrini inayokunjwa. Ilikuwa plastiki juu hadi chini. Ukilishika hilo moja, malalamiko mengine yote kuhusu simu hizi yanajipanga nyuma yake kama mabehewa.

Kwa nini kioo kiliondoka

Chukua daftari lenye jalada laini na kurasa nyingi, ulikunje polepole huku umelishika upande mmoja tu. Angalia upande wa pili, pale kurasa zinapoishia. Zilikuwa zimelingana, sasa zimepangana kama ngazi, kwa sababu kila ukurasa umeteleza kidogo juu ya mwenzake. Sasa fikiria kurasa hizo zote zimegandishwa kwa gundi na hakuna unaoweza kuteleza. Ukikunja kwa nguvu, zile za nje zitavutika na zile za ndani zitafinyana. Ukurasa wa katikati tu ndio utakaosalimika, usivutwe wala usifinywe.

Skrini ya simu ni daftari la namna hiyo. Ina tabaka kadhaa: la kubeba, la saketi, la kutoa mwanga, la kuziba unyevu usipenye, na la juu la kinga. Kadiri rundo linavyokuwa nene, na kadiri mkunjo unavyobana, ndivyo tabaka za kandoni zinavyoteseka. Hesabu yake si ngumu: chukua unene wa kitu, ugawe kwa mara mbili ya nusukipenyo cha mkunjo, utapata kiasi ambacho upande wa nje utavutika. Kioo chenye unene wa milimita 0.6 ukitaka kukikunja kwa nusukipenyo cha milimita 1.5, upande wa nje utapaswa kuvutika kwa takriban asilimia 20. Hakuna kioo cha kufanya hivyo. Kitakuwa vipande kabla hujafika robo ya safari.

Plastiki iitwayo poliimidi, kwa upande mwingine, ni nyembamba, inastahimili joto la kiwandani, na inakunjika bila kulalamika. Ndiyo iliyowekwa chini kubeba skrini, na aina yake isiyo na rangi ikawekwa juu kuikinga. Sharti lingine lilikuwa skrini yenyewe iwe ya OLED, ambayo kila pikseli, yaani nukta ya picha, hujitolea mwanga wake. Skrini za LCD hutegemea taa iliyo nyuma na kimiminika kilichobanwa kati ya vioo viwili, na nafasi baina ya vioo hivyo haitakiwi kubadilika. Ukikunja, nafasi inabadilika, picha inaharibika.

Teknolojia hiyo haikuzuka ghafla. Mwanzoni mwa 2013, kwenye maonyesho ya teknolojia ya CES, Samsung walionyesha skrini laini waliyoipa jina la Youm, na mwaka huohuo zikatoka Galaxy Round na G Flex ya LG, simu zilizopinda. Lakini hizo zilipindwa mara moja kiwandani, zikabaki hivyo. Kupinda kitu mara moja ni ufundi; kukikunja na kukikunjua mara mia kwa siku, kikiwa mikononi mwa mtu anayekula chipsi, ni shughuli nyingine. Tofauti hiyo ilichukua miaka sita.

Gharama ya ulaini

Kuna kipimo cha ugumu kiitwacho Mohs, kinachoanzia 1, laini kabisa, hadi 10, gumu kabisa. Kioo cha simu ya kawaida huanza kukwaruzika kwenye ngazi ya 6 hivi. Ukucha wa binadamu uko kwenye 2 na nusu. Skrini za plastiki za simu za kukunja zilianza kuonyesha alama kwenye ngazi ya 2. Maana yake ni kwamba kitu kilichoundwa kiguswe kutwa nzima kingeweza kuumizwa na kidole kilekile kinachokigusa, kikikosea tu kikatumia ukucha badala ya nyama. Na mchanga, ambao kwa sehemu kubwa ni madini ya kwatzi, uko kwenye 7.

Februari 2020 Samsung walitoa Galaxy Z Flip, wakatangaza kwamba kioo kimerudi. Na kweli kilirudi: kioo chembamba sana, chenye unene wa mikromita 30 tu, yaani milimita 0.03. Rudi kwenye hesabu yetu ya mkunjo: kwa nusukipenyo kilekile cha milimita 1.5, upande wa nje unavutika kwa asilimia 1 tu badala ya 20. Hapo kioo kizuri, kisicho na ufa hata wa kutafuta kwa hadubini, kinastahimili.

Watu waliokimbilia kukijaribu kwa sindano za kupimia ugumu walishangaa kukuta kinakwaruzika kwenye 2 na 3 kama plastiki. Zikaanza shutuma kwamba ni uongo, hakuna kioo. Kioo kilikuwapo. Ila juu yake palibandikwa utando wa plastiki wa kukikinga, na huo utando ndio uliougusa. Kioo cha unene ule hakiwezi kuachwa peke yake. Kikipata mkwaruzo mmoja mdogo, mkunjo unaofuata unaugeuza kuwa ufa. Kwa hiyo faida yake haikuwa ugumu. Faida ilikuwa kwamba skrini ilitulia zaidi na haikuonekana kama nailoni iliyotandazwa. Kitu kizuri, ila si kile ambacho mtu angekielewa akisikia neno kioo kwenye tangazo.

Halafu ile alama ya katikati. Ukiitazama simu ikiwa imewaka, uso kwa uso, huioni. Izime uigeuze kuelekea dirishani, na hapo mwanga unakatika kwenye bonde jembamba linalopita kuanzia juu hadi chini. Ukipitisha kidole unalihisi kila mara, kama mshono wa nguo. Sababu ni kwamba plastiki na gundi zina kumbukumbu. Ukiziweka zimekunjwa usiku kucha, molekuli zake zinajipanga upya kuendana na mkunjo, na asubuhi ukifungua hazirudi zote. Watu wengi waliotumia simu hizi kwa wiki mbili husema walisahau kwamba ina alama. Nawaamini, kwa jinsi tunavyosahau ufa kwenye kioo cha simu ya kawaida. Lakini kusahau kitu na kitu kutokuwapo ni mambo mawili.

Baridi nayo ina lake. Plastiki na gundi hukakamaa zinapopoa, na Huawei waliwaonya wenye Mate X wasiitumie kwenye baridi chini ya nyuzi 5 za Selsiasi chini ya sifuri.

Bawaba, au mahali vumbi linapopata kazi

Simu ya kawaida ni sanduku lililogandishwa kwa gundi pande zote. Simu ya kukunja ina bawaba, bawaba lazima isogee, na kinachosogea hakigandishwi. Ndiyo maana kile kinundu cha The Verge ni habari muhimu kuliko wale waliobandua utando. Kubandua kunaweza kuzuiwa kwa onyo kwenye boksi. Uwazi kwenye bawaba hauzuiwi kwa maneno.

Samsung waliisogeza mbele tarehe ya mauzo iliyokuwa Aprili 26, wakarudi Septemba mwaka huohuo wakiwa na marekebisho. Utando wa juu ulirefushwa ukaingia chini ya fremu, usipatikane ukingo wa kushika. Sehemu ya juu na ya chini ya bawaba ziliwekewa vifuniko. Chini ya skrini ziliongezwa tabaka za chuma. Uwazi kati ya bawaba na mwili ukapunguzwa. Kwenye Z Flip wakaongeza vinyweleo vidogo ndani ya bawaba, kama brashi, vya kufagia vumbi kila ifungwapo. Ni ufumbuzi wa kimafagio kabisa, na mimi naupenda kwa sababu ni wa kweli: vumbi litaingia, basi angalau lifagiwe. Kufikia 2021, Z Fold3 ilipata alama ya IPX8. Namba 8 ni maji; ile X ni mahali ambapo namba ya vumbi ingekaa, na hapakuwa na namba. Maji yalizuiwa mapema kwa sababu unaweza kuzifunika saketi zilizo ndani ukaacha bawaba ilowe. Mchanga haudhuru saketi, unasaga bawaba yenyewe.

Swali kubwa lililowagawa watengenezaji lilikuwa simu ikunjwe kuelekea ndani kama kitabu au nje, skrini ikibaki inaonekana. FlexPai ya kampuni ya Royole, iliyotangulia zote kuuzwa mwishoni mwa 2018, ilikunjwa nje, na Mate X pia. Kukunja nje kuna mantiki nzuri: skrini inazunguka mgongo wa simu, kwa hiyo mkunjo ni mpana na hautesi plastiki sana. Pia unahitaji skrini moja tu, kwani ikifungwa nusu yake inabaki mbele yako. Mate X ilikuwa na skrini ya inchi 8, na ikifungwa ilikuwa nyembamba na ya kuvutia kuliko Galaxy Fold. Kama ningepewa kuchagua kwa macho tu, ningechukua hiyo.

Ila ulaini uleule wa ngazi ya 2 sasa ulikuwa nje saa zote. Ukiiweka mezani, skrini inagusa meza. Ukiitia mfukoni, skrini inakaa na funguo. Ikianguka, hakuna upande wa kuangukia usio skrini. Kukunja ndani kunaificha skrini kama kobe anavyojificha, lakini bei yake ni mkunjo wa kubana, skrini ya pili ya nje ya kulipia, na unene. Galaxy Fold ikifungwa haikulala bapa. Kulikuwa na mwanya upande wa bawaba, na hapo unene ulifika milimita 17, sawa na simu mbili zilizobebana. Razr ya Motorola iliuondoa mwanya huo kwa kuipa skrini nafasi ya kujipinda kama tone la maji ndani ya bawaba, na muundo wa aina hiyo ndio uliokuja kuigwa na wengi baadaye, kwa kuwa tone lina mkunjo mpana zaidi na huacha alama hafifu.

Kuhusu uimara, Samsung walisema Galaxy Fold imejaribiwa kwa mikunjo 200,000. Ukifungua simu mara 100 kwa siku, hiyo ni zaidi ya miaka mitano. Tovuti ya teknolojia ya CNET waliiweka kwenye mashine ya kuikunja mfululizo na ikafika takriban 120,000 kabla ya nusu ya skrini kuzima. Razr, kwenye mashine ya namna hiyo, bawaba yake iligoma baada ya kama 27,000, na Motorola wakapinga wakisema mashine ile haikuikunja jinsi mtu anavyoikunja. Tuseme walikuwa na haki. Bado namba hizi zote, za kampuni na za waandishi, zimepatikana kwenye chumba kisafi, kwa mashine isiyo na jasho, na bila chembe hata moja ya mchanga. Zinakueleza chuma kitachoka lini. Mfuko wako una habari nyingine.

Skrini kubwa, kubwa kwa lipi?

Hadi hapa nimeorodhesha maumivu, na msomaji anaweza kudhani nasema watu wasingezinunua. Sivyo. Kuna faida ya kweli hapa, ila si ile iliyopigiwa debe.

Galaxy Fold ilikuwa na skrini ya inchi 7.3. Simu kubwa za kawaida za wakati ule zilikuwa na inchi 6.4 hivi. Ukisikia hivyo unaona tofauti ya inchi moja, hadithi gani hiyo. Lakini inchi hupimwa kutoka kona hadi kona, na vipimo vya kona hudanganya maumbo yakitofautiana. Skrini ya Fold ilikuwa karibu na mraba. Ya simu ya kawaida ni ndefu na nyembamba. Ukipiga hesabu ya eneo, Fold ina takriban inchi 25 za mraba, simu ya inchi 6.4 ina kama 16. Hiyo ni nyongeza ya zaidi ya nusu. Barua ndefu, ramani, jedwali la hesabu, ukurasa wa gazeti uliopigwa picha: vyote vinapumua.

Sasa cheza filamu. Filamu nyingi za sinema ni pana sana, upana zaidi ya mara mbili ya kimo. Kwenye skrini ya umbo la karibu na mraba, picha hiyo inakaa katikati na juu na chini panabaki peusi. Nimelipigia hesabu: filamu ya uwiano wa 21 kwa 9 inachukua takriban inchi 15.1 za mraba kwenye Fold, na 14.3 kwenye simu ya kawaida ya inchi 6.4. Tofauti haifiki hata asilimia 6. Umelipa karibu dola 2,000 kupata ukanda mweusi mpana. Video za kawaida za uwiano wa 16 kwa 9 zinafaidika zaidi, karibu nusu nzima, lakini bado chini ya ile faida ya maandishi. Kwa hiyo mtu aliyeuziwa simu ya kukunja kwa ahadi ya sinema mfukoni aliuziwa sababu dhaifu kuliko zote. Aliyeinunua asome, alinganishe nyaraka mbili, ajibu ujumbe huku ramani iko wazi pembeni, huyo alipata kitu ambacho simu nyingine haikuwa nacho.

Hata huyo alikuwa na kero moja ya kila saa. Skrini ya nje ya Galaxy Fold ilikuwa ya inchi 4.6, nyembamba, imezungukwa na eneo kubwa lisilo na kazi. Kuandika humo kwa dole gumba mbili ni kama kupita wawili mlangoni kwa pamoja. Matokeo yake kila ujumbe mfupi ulikuwa sababu ya kuifungua simu, na kuifungua kulihitaji mikono miwili. Ukiwa umesimama ndani ya basi, umeshika bomba kwa mkono mmoja, simu ya dola 1,980 inageuka kuwa saa ya kutazamia nani kakutafuta. Z Fold2 ya 2020 iliikuza skrini hiyo ya nje hadi inchi 6.2, na kwangu hilo ndilo lilikuwa badiliko kubwa kuliko kioo chembamba na bawaba mpya. Ghafla ungeweza kuchagua kutoifungua.

Programu nazo zilichelewa. Google walitangaza mwishoni mwa 2018 kwamba Android itazitambua simu hizi, na Android 10 ya 2019 ikaleta jambo moja ambalo ni dogo kulisema ila kubwa kulitumia: programu mbili kwenye skrini moja zote kubaki hai. Zamani, ukigusa moja, nyingine ilihesabiwa imepumzika. Ungeanza kuandika upande wa kushoto, na video ya upande wa kulia ikasimama. Lakini mfumo kuruhusu ni jambo moja, na watengenezaji wa programu kujishughulisha ni jingine. Waliowahi kutumia tableti za Android wanaijua hali hii: programu ya simu iliyovutwa ikajaza skrini, vitufe vimetawanyika kama nyumba za shambani, na picha kubwa kupita kiasi. Kwa watumiaji wachache hivyo, nani angejisumbua kuandika upya? Mate X ilikuwa na mzigo wa ziada. Mei 2019 Marekani iliiweka Huawei kwenye orodha ya vikwazo vya biashara, na simu ilipoanza kuuzwa Uchina mwezi Novemba haikuwa na huduma za Google.

Ile nyingine, inayofumba kama kijaluba

Razr na Z Flip huwekwa kapu moja na Fold, nami nadhani si haki. Hizi hazikupi skrini kubwa. Zikifunguliwa ni simu ya kawaida: inchi 6.2 kwa Razr, 6.7 kwa Z Flip. Unacholipia ni udogo zikifungwa. Ni biashara tofauti kabisa, na hoja ya eneo la skrini haiihusu.

Razr ilibeba jina la simu maarufu ya 2004, ikauzwa dola 1,499 na betri ya mAh 2,510 tu (mAh ni kipimo cha ujazo wa betri). Z Flip ilikuwa na mAh 3,300, ikauzwa dola 1,380. Betri ndogo hazikuwekwa kwa ubahili. Betri haikunjwi, kwa hiyo simu ya kukunja kwa kawaida huigawa betri yake vipande viwili, kimoja kila upande, na kila kipande kina kuta zake na nafasi yake iliyopotea. Bawaba nayo inakalia mahali ambapo betri ingekaa.

Ila Z Flip ilikuwa na kitu ambacho picha za matangazo zilikionyesha bila kukieleza vizuri: bawaba yake ilishika pembe yoyote. Unaikunja nusu, unaiweka mezani kama kompyuta mpakato ndogo, unapiga simu ya video huku mikono yako miwili iko huru. Unapiga picha ya watu wote bila kumwomba mpita njia wala kuiegemeza simu kwenye kikombe. Na kuna raha ya kumaliza maongezi kwa kuifumba simu kwa kishindo, raha ambayo haina thamani yoyote ya kiuchumi na ambayo nafikiri iliuza simu nyingi kuliko kamera.

Aliyekuwa akilipa

Galaxy Fold: dola 1,980. Mate X ilipotangazwa Barcelona Februari 2019: yuro 2,299. Huko Uchina iliuzwa yuan 16,999, na kubadilisha skrini pekee kulikuwa yuan 7,080, karibu asilimia 42 ya bei ya simu nzima. Mafundi wa iFixit, kampuni inayofungua vifaa kupima kama vinatengenezeka, walipoifungua Galaxy Fold waliipa alama 2 kati ya 10 kwa urahisi wa kutengenezeka. Jumlisha hayo na skrini inayojeruhiwa na ukucha, utaona bei ya dukani haikuwa bei yenyewe, ilikuwa kiingilio.

DJ Koh, aliyekuwa mkuu wa kitengo cha simu cha Samsung, alikiri hadharani Julai 2019 kwamba aliisukuma sokoni kabla haijaiva. Ni ungamo la nadra kwa mtu wa cheo kile, na linaeleza vizuri wanunuzi wa mwanzo walikuwa nani. Walikuwa watu wa majaribio waliojilipia. Vumbi la mifuko yao ndilo lililoleta vile vifuniko na brashi, na vidole vyao vilivyokwama kwenye inchi 4.6 vikaleta 6.2. Mwaka 2021 Z Fold3 ilianza kwa dola 1,799 na Z Flip3 kwa 999, zote mbili zikivumilia maji. Aliyesubiri miaka miwili alipata simu bora kwa fedha pungufu. Wala haikuwa dhamana kwa watengenezaji wenyewe kwamba kuwahi ni kufaidi: Royole, waliowashinda wote kwa kufika wa kwanza, walifilisika 2024.

Hata hivyo sitawaita waliowahi wajinga. Mtu anayesoma nyaraka siku nzima, mwenye fedha ya kupoteza, aliyejua anachonunua, alipata miaka miwili ya kitu ambacho wengine hatukuwa nacho. Shida ni kwamba sanduku halikumwambia anachonunua. Lilimwambia kesho imefika.

Simu hizo za mwanzo sasa zinazunguka kwa mkono wa pili, kwa bei inayoshawishi. Ukitaka kuichukua, usiiangalie ikiwa imewaka tu, hapo kila skrini ni nzuri. Izime, iinamishe kwenye mwanga, ufuate mkunjo kwa jicho hadi mwisho wake wa juu na wa chini, kwenye pembe ambako mateso ni makubwa. Weka ukurasa mweupe mtupu, kisha mweusi mtupu, utafute mstari au doa lisilosogea. Ifungue polepole karibu na sikio. Mlio wa kusaga ni mchanga. Ipapase skrini kwa nyama ya kidole juu ya mkunjo kutafuta kinundu. Uliza betri ina miaka mingapi, kumbuka ziko mbili, na uangalie kama simu bado inapokea masasisho. Na ukikuta ukingo wa utando umeinuka kidogo pale katikati, hata kama unakuwasha vidole, usiuvute.